Bwana Samaki Anajibu: Papa wa Ufukweni

Barua nne kati ya zilizotufikia mwezi huu zinauliza juu ya jambo moja, nalo ni kumvua papa kwa mshipi mtu akiwa amesimama mchangani, bila chombo. Nimeona ni vyema kuzijibu pamoja, kwa kuwa jibu la moja linaingia ndani ya jibu la nyingine. Nimezifupisha, na majina ya walioziandika nimeyaacha kama walivyoomba.

*Shikamoo, Bwana Samaki. Mimi ni kijana wa Shangani, Mtwara, na jioni nikitoka kazini huvua kwa fimbo niliyoinunua mtumba. Tangu kaskazi ianze nimepata papa wadogo watatu, kila mmoja akiwa na urefu wa mkono hivi, lakini wakubwa wamenikatia mshipi mara nne. Ninatumia nailoni nzuri na waya wa shubiri mbili juu ya ndoana. Wenzangu wanasema meno ya papa hukata hata waya. Kinachonishangaza ni kwamba mshipi unaorudi huwa umechubuka na kuwa mweupe kwa karibu pima nzima kabla ya pale ulipokatikia. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Jibu umeliandika mwenyewe bila kujua, katika ile sentensi ya mshipi uliochubuka. Mshipi uliokatwa na jino hukatika mahali pamoja, safi, kama uliopitishiwa wembe. Mshipi ambao fundo lake limeteleza hurudi na ncha iliyojikunjakunja kama unywele uliokaribia moto. Wako haukukatwa wala haukufunguka. Umesagwa, na kilichousaga ni ngozi ya papa mwenyewe. Ukimpata mwingine mdogo, mpitishie kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani, nawe utaona ni laini. Kisha kirudishe taratibu kutoka mkiani kwenda kichwani, utadhani umeshika msasa. Ngozi hiyo imejaa vijimeno vidogo mno vilivyolalia upande wa mkia, na ndiyo sababu maseremala wa zamani waliitumia kulainishia mbao. Papa akishikwa na ndoana hugeuka kukimbilia kilindini, mshipi ukapita ubavuni mwake na kugongwa na mkia kila anapoogelea. Waya wako wa shubiri mbili unaukinga mshipi na meno tu. Papa wa mita moja na nusu ana mwili mrefu mara tatu ya waya huo, na sehemu yote iliyobaki inasugua nailoni nyembamba.

Dawa yake si kurefusha waya, kwa sababu waya mrefu hujikunja, na pale ulipojikunja ndipo utakapokatikia. Acha waya wako ulivyo, lakini kati yake na mshipi wa kwenye mashine ya fimbo inayoukunja funga pima mbili za nailoni nene ya milimita 1.5 au 2, ili urefu wa kipande hicho uzidi urefu wa samaki unayemtarajia. Breki ya mashine usiikaze kwa hasira: iwe inaachia mshipi kwa nguvu isiyozidi theluthi moja ya uzito ambao mshipi huo unaweza kuustahimili, kwa kuwa mshipi uliolowa, wenye mafundo na uliokwisha kuchubuka kidogo hauna tena nguvu iliyoandikwa kwenye boksi.

Utaniuliza, pima mbili za nailoni nene zenye chubwi la kuzamishia mshipi na nusu ya kibua kama chambo zitarushwaje kwa fimbo? Zitarushwa kwa shida, na hazitafika mbali. Wavuvi wa ufukweni wa Afrika Kusini na Namibia walilitatua jambo hili kwa kurusha chubwi peke yake kwanza, nalo likishashika mchanga chini, huipachika ndoana yenye chambo kwenye mshipi kwa kibano kinachopita upande mmoja tu, ikateleza yenyewe hadi kulifikia chubwi. Ukiweza kukipata kibano hicho, vizuri. Usipokipata, usisikitike sana, maana kosa la pili ninaloliona katika barua za vijana wengi, ingawa wewe hukuliandika, ni kudhani kwamba papa yuko mbali.

Nenda ufukweni siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Katika pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3, kwa hiyo sakafu ambayo usiku huwa imefunikwa, mchana unaitembelea kwa miguu. Tembea uitazame. Utaona kuwa mchanga hauteremki sawasawa: kuna tuta ambalo mawimbi hulivunjikia, na nyuma ya tuta hilo, upande wa nchi kavu, kuna mfereji unaokwenda sambamba na ufukwe, halafu mahali fulani tuta limekatika na mfereji unafungukia baharini. Samaki wadogo hupita katika mfereji huo maji yanapojaa, na papa huwafuata kwa kuingilia lile pengo. Chomeka mti juu ya mstari wa maji makuu ukielekea pengo, ili usiku usibahatishe. Mara nyingi mahali hapo hapazidi mita 40 kutoka ulipokanyaga. Nimewaona vijana wakirusha kwa nguvu zote chambo kikaruka juu ya mfereji, juu ya papa na juu ya riziki yao.

Saa nzuri ni kuanzia jua linapotua hadi saa tatu au nne usiku, maji yakiwa yanajaa. Chambo kiwe kibichi cha siku hiyo hiyo, kibua au mkizi aliyekatwa nusu, au kipande cha taa kwa wakubwa. Kifunge kwa uzi, la sivyo kaa watakimaliza nawe umesimama unahesabu nyota. Wakati wa kusi nguvu nyingi hupotea kupigana na upepo na majani ya bahari yanayoning'inia kwenye mshipi, kwa hiyo uliyoyaona tangu kaskazi ianze si bahati tu.

Kuhusu ndoana, tumia ile ya duara ambayo ncha yake imegeukia ndani kuelekea shina lake. Papa akimeza na kuondoka, ndoana hiyo huteleza kutoka kooni na kushika pembeni mwa taya, mradi tu usiivute kwa kishindo. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa mkono uliozoea ndoana ya kawaida huishtua fimbo mara tu unapohisi kitu. Ngoja mshipi ukaze wenyewe, kisha anza kuzungusha. Na usinunue ndoana ya chuma kisichoshika kutu, hata kama inang'aa, kwa sababu papa aliyekatika nayo ataishi nayo muda mrefu, ilhali ya chuma cha kawaida huliwa na kutu hadi ikaanguka.

Akifika kwenye mawimbi ya mwisho, usimvute maji yanaporudi baharini, kwani hapo unavuta papa na bahari pamoja. Legeza kidogo, ngoja wimbi linalokuja, mlete nalo. Usiuzungushe mshipi mkononi hata kwa nukta moja. Kidole changu cha shahada cha mkono wa kushoto hakikunjiki vizuri hadi leo kwa ajili ya kitendo hicho, na samaki mwenyewe alikuwa taa, si papa.

Sasa nirudi kwa wale watatu wadogo. Mdogo kama huyo akigeuzwa tumbo juu, tazama katikati ya yale mapezi mawili ya ubavuni. Ukiona kovu au kijishimo ambacho hakijafunga, hicho ni kitovu chake: papa wengi wa pwani yetu hawatagi mayai bali huzaa watoto hai, na kovu hilo ni dalili kwamba amezaliwa wiki chache tu zilizopita. Mama yake huenda alimbeba karibu mwaka mzima, na yeye na ndugu zake walioletwa katika maji haya ya kina kifupi ili wasiliwe na wakubwa pengine hawazidi watano kama ni wa jamii ya mapezi meusi wanaokaa miambani. Nguru mmoja hutaga mayai yasiyohesabika. Mrudishe mdogo, mwanangu. Hata kitoweo chenyewe hakitoshi watu wawili.

*Ndugu Bwana Samaki, ninaendesha nyumba ndogo ya wageni upande wa Msimbati. Mgeni wangu kutoka Florida, Marekani, anasema kwao watu huvua papa ufukweni usiku, hupiga nao picha kisha huwarudisha majini, naye anataka nimtafutie vijana wa kumsaidia kufanya hivyo hapa. Je, inaruhusiwa? Na je, papa huyo hupona kweli?*

Ndugu yangu, Msimbati yako imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Wenyeji wanaishi na kuvua ndani yake kwa utaratibu uliowekwa, lakini mgeni anayevua kwa kujifurahisha si mwenyeji anayetafuta mboga. Kabla hajafungua mkoba wake wa fimbo, mpeleke ofisi ya hifadhi, aelezwe ni maeneo gani yamefungwa, kibali gani kinahitajika na nini kinalipwa. Nje ya hifadhi bado kuna Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, na mahali pa kuulizia leseni ni kwa ofisa uvuvi wa wilaya. Usikubali kuambiwa na kijana wa ufukweni kwamba "hapa hakuna shida", kwa sababu shida ikija itakukuta wewe mwenye nyumba na si yeye.

Mgeni huyo akikunja uso, mkumbushe kwa upole kwamba kwao pia si holela. Tangu Julai 2019, anayevua papa kutoka ufukweni huko Florida anatakiwa kusoma somo fupi na kupata kibali. Hakuna ruhusa ya kumwaga chambo majini kutoka ufukweni ili kuwavuta. Ni lazima awe na chombo cha kukatia ndoana. Na papa wa aina zilizokatazwa hawatolewi majini hata kwa ajili ya picha.

Kuhusu kupona, inategemea ni papa wa aina gani na umemfanyia nini. Papa hana mbavu za kuyakinga matumbo yake. Majini uzito wake unabebwa na maji, lakini akiburutwa mchangani, tumbo lake na ini lake kubwa lenye mafuta hulemewa na uzito wa mwili wake mwenyewe, na anaweza kuumia ndani pasipo tone la damu kuonekana nje. Akishikwa mkia na kuning'inizwa, ni mbaya zaidi. Wapo wanaostahimili, kama yule mnene mwenye pua fupi anayependa midomo ya mito, ambaye Afrika Kusini wamempa jina la mto Zambezi. Wapo wasiostahimili kabisa, na wa kwanza wao ni papa nyundo. Huyu hupigana hadi nguvu zote zimwishe, damu yake hujaa tindikali kama misuli ya mtu aliyekimbia kupita uwezo wake, na ingawa utamwona akiogelea na kuondoka, anaweza kufa baadaye huko usikomwona. Picha itakuwa nzuri na papa atakuwa maiti.

Kwa hiyo mwambie mgeni wako aamue kabla ya kurusha. Kama nia ni kurudisha, basi mshipi uwe mzito kuliko kawaida ili mapambano yasichukue muda mrefu. Watu wawe wawili, mmoja fimboni na mmoja mwenye glavu na mkasi wa kukatia chuma. Papa asitoke majini, bali abaki pale yanapofika magotini, kichwa kikielekezwa baharini ili maji yapite kwenye matamvua. Na kazi yote, pamoja na picha, isizidi dakika moja. Ndoana ikiwa imeingia ndani, waya ukatwe karibu nayo na aachwe aende. Akionekana kichwa cha nyundo, hakuna picha: mshipi unakatwa hapo hapo. Papa nyundo wakubwa waliwekwa mwaka 2013 katika orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, ikaongezwa jamii nzima ambayo papa wengi wa kawaida wa pwani ni wake. Orodha hiyo haimzuii mtu wa Mtwara kula mchuzi nyumbani kwake. Inahusu kinachovuka mpaka, na ninaitaja kwa sababu wapo wanaozunguka vijijini wakinunua mapezi makavu: anayekuuliza pezi bila nyama, muulize kwanza anapeleka wapi.

*Bwana Samaki, salamu kutoka Lindi. Mimi ni mama ninayekausha na kuuza papa. Wale wa jarife, ule wavu wa papa, wanaoletwa na mashua hawana neno, lakini vijana wanaovua ufukweni huniletea asubuhi papa wenye harufu kali inayochoma pua, na wateja hunirudishia. Vijana wanaapa kwamba samaki ni wa usiku huo huo. Nani mwongo? Pia, binti yangu ni mjamzito na anapenda sana papa, kuna ubaya?*

Mama yangu, hakuna mwongo, ila kuna wavivu. Papa huhifadhi urea katika damu na nyama yake ili chumvi ya bahari isimnyonye maji mwilini. Akifa, vijidudu huigeuza urea hiyo kuwa amonia, na katika joto letu kazi hiyo haingoji mapambazuko. Papa aliyekufa saa mbili usiku, akaachwa mzima mchangani huku vijana wanaendelea kuvua, alfajiri atakuwa ananuka hivyo hata kama hajaoza bado. Mweleze kila anayekuletea kwamba papa atakayeliwa achinjwe mara tu anapotolewa majini, damu itoke yote, apasuliwe matumbo yatolewe, aoshwe kwa maji ya bahari na afunikwe kwa barafu, au angalau gunia lililolowa na kivuli. Nyumbani, vipande viloweshwe katika maji ya chumvi yenye ndimu kabla ya kutiwa chumvi na kupandishwa kwenye chanja. Ukiweka sharti kwamba asiyechinja humlipi bei ya jana, watajifunza haraka kuliko kwa maneno yangu. Anayechoma pua tayari usimnunue, maana kukausha hakumtibu.

Kuhusu binti, jibu langu ni kwamba amwache papa hadi amalize kunyonyesha. Papa huishi miaka mingi na hula samaki waliokula samaki wengine, kwa hiyo zebaki iliyomo baharini kidogo kidogo hujikusanya katika nyama yake, na haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukausha. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imemweka papa katika orodha ya samaki ambao wajawazito na wanaonyonyesha wanapaswa kuwaepuka. Mpikie dagaa au vibua kwa nazi, navyo vitamu. Na kwa wasio wajawazito, papa mkubwa sana wa ufukweni, yule ambaye kijiji kizima kinataka kipande, mimi simshabikii: mwaka 1993 huko Manakara, Madagaska, mamia ya watu waliugua baada ya kula nyama ya papa mmoja, na baadhi yao walikufa. Ini lake ndilo la kuogopwa zaidi. Wazee walikuwa na akili walipolifanya sifa, yaani mafuta ya kupaka majahazi, badala ya kuliweka chunguni.

*Bwana Samaki, tunaishi Mchinga. Vijana wanavua papa usiku pale pale watoto wetu wanapoogelea mchana, na humwaga matumbo ya samaki majini ili kuwaita. Je, hawatufundishii papa njia?*

Papa hunusa damu iliyochanganyika na maji mengi sana na huifuata mkondo unakotoka, kwa hiyo malalamiko yenu yana msingi, hasa kwa saa za jioni zinazofuata. Hakuna sababu ya kumwaga chochote, kwa kuwa chambo kibichi kilichofungwa vizuri kinatosha. Zungumzeni na vijana kupitia kamati ya usimamizi wa rasilimali za bahari ya kijiji chenu, mkubaliane juu ya vipande viwili tofauti vya ufukwe: wao wakae upande ambao mkondo unachukua maji kwenda mbali na watoto, na matumbo yafukiwe mchangani juu ya mstari wa maji makuu. Watoto watoke majini jua linapoanza kushuka. Mvua zikinyesha na maji ya karibu na mdomo wa mto au kijito yakageuka rangi ya chai ya maziwa, wasiingie kabisa siku hizo, hata kama hakuna aliyevua usiku uliotangulia.